Tabu ni tabu kweli: mistari sita na uzi usiotakiwa kusema

Mwezi wa saba hapa Uyole, Mbeya, baridi inauma mpaka meno, na duka la pembejeo mwezi wa saba ni duka la kupiga miayo. Watu wako mashambani wanavuna, viazi vinapakiwa kwenye mafuso, hakuna anayekuja kuulizia DAP wala urea, hao utaanza kuwaona mwezi wa kumi mvua ikianza kunukia. Kwahiyo mwaka juzi nilikuwa nakaa nyuma ya kaunta toka asubuhi, sweta mbili na kitenge juu, nauza labda dawa ya kuku na pakiti mbili za mbegu za kabichi, basi siku imeisha. Ndo nikaanza kujifunza gitaa, mtu mzima wa miaka 31, nyuma ya viroba vya mbolea ili wateja wasinione.

Sababu yenyewe wala sio ya kishujaa. Mpiga gitaa wa kwaya yetu alipata kazi Tunduma akaondoka, mwalimu wa kwaya akauliza nani atashika gitaa, watu wote wakaangalia viatu vyao, mi nikakohoa tu, akadhani nimekubali. Gitaa nikalinunua kwa kijana aliyekuwa anahamia Dodoma, laki na nusu, uzi wa nne haupo. Siku naenda Mwanjelwa kutafuta uzi ndo nikakutana na fundi redio mmoja, mzee wa Tukuyu, kibanda chake kimejaa maspika yaliyopasuka, na ukutani kaning'iniza gitaa ambalo haruhusu mtu aliguse. Akanifungia uzi, akanityunia, hakuchukua hela. Tangu siku hiyo ananiita Mama Mbolea na mi namwita mzee.

Sasa kuna jamaa anapiga gitaa kwaya moja huko Iringa, tulikutana kwenye tamasha, nikamwomba anitumie utangulizi wa wimbo fulani ambao kwaya zetu zote mbili tunauimba. Akanitumia WhatsApp. Nafungua nakuta vistari, vistari, namba, vistari, herufi moja moja, utadhani mtoto kakalia simu. Nikamuuliza hii ni nini kaka, akajibu, hiyo ni tabu. Nikamwambia naona ni tabu, ila ni nini? Kumbe kwa kirefu ni tablacha, yani kuandika wimbo wa gitaa kwa mistari na namba, watu wa gitaa wanafupisha wanaita tabu, na kiukweli jina limekaa mahali pake.

Niseme mapema kitu ambacho hakuna aliyeniambia na kilinipotezea siku tatu: tabu ukiitumiwa kwenye simu inavunjika. Ile ni mistari sita inayotakiwa kukaa sambamba, namba ya mstari wa juu na namba ya mstari wa chini zikiwa zimenyooka pamoja unazipiga kwa mpigo mmoja. Kioo cha simu ni chembamba, mstari ukigonga mwisho unakatika unaanza upya chini, mistari sita inakuwa kumi na mbili, afu maandishi ya kawaida ya simu kila herufi ina upana wake, namba zinahama hama, iliyokuwa juu ya nyingine inajikuta imesogea pembeni. Dawa ni kulaza simu, au mtumaji aweke zile alama tatu za backtick (```) mwanzo na mwisho wa ujumbe ili herufi zote ziwe na upana mmoja. Mi niliishia kuinakili yote kwa mkono kwenye kaunta buku ya dukani, nyuma ya madeni ya wateja, na mpaka leo naamini kunakili kwa mkono ndo kulinifundisha kuliko video zote nilizomalizia bando.

Haya. Mistari sita, nyuzi sita. Kila mstari ni uzi, namba ni freti ya kubonyeza, yani kile chumba kati ya vyuma vya shingoni, sifuri maana yake piga uzi mtupu bila kubonyeza. Hapo hata mtoto anaelewa. Nikaangalia gitaa langu mapajani, nikaona uzi mnene uko juu karibu na kidevu changu, mwembamba uko chini karibu na goti. Nikaangalia karatasi, mstari wa juu, mstari wa chini. Nikasema sawa, wa juu ni wa juu. Nikapiga hivyo wiki nzima.

Na unajua kilichoniponza ni nini? Kuna sehemu zilikuwa zinakubali! Zingine ni fujo kabisa, paka wanagombana, ila ghafla inakuja noti mbili tatu unasikia kabisa huu ni ule wimbo, japo kama unaimbwa na mtu ameingia kisimani. Nikawa najipa moyo, nasema tatizo ni vidole tu. Kumbe uzi mnene kabisa na uzi mwembamba kabisa vyote ni noti moja, E. Mnene unatetemeka kama mara 82 kwa sekunde, mwembamba kama mara 330, yani mara nne yake, na kila ukizidisha mara mbili unarudi kwenye noti ileile ila juu zaidi, hiyo ndo oktavu moja. Kwahiyo kila namba iliyoandikwa kwenye uzi wa kwanza (ule mwembamba) nikaipiga kwenye wa sita (ule mnene) napata noti sahihi, imeshuka tu oktavu mbili. Za katikati ndo zilikuwa zinaniumbua, maana pale penye B mi napiga A, penye G napiga D.

Aliyenitoa gizani si fundi wala video, ni karatasi ya kwaya. Mimi ni sauti ya pili toka niko shule ya jumapili. Waliokulia kwaya za huku wananielewa, sisi hatusomi zile nota za mipira na mikia, sisi ni d r m f s l t, yani do re mi, nota ambazo John Curwen, mchungaji wa Uingereza, alizieneza karne ya 19 na wamisionari wakazibeba kuja nazo huku. Jumamosi moja tuko mazoezini nimeshika karatasi, sauti ya kwanza mstari wa juu kabisa, chini yake sisi, chini yetu wanaume wa tatu, chini kabisa besi. Nikaganda. Besi yuko chini! Karatasi inapanga watu kwa sauti, sio kwa kiti alichokalia. Besi wetu ni mrefu kuliko wote na anasimama nyuma kwenye benchi, kichwa kinakaribia bati, ila kwenye karatasi yuko chini. Na tabu ni hivyohivyo, mstari wa juu ni uzi mwembamba wenye sauti ya juu, wa chini ni uzi mnene. Hata herufi zilikuwa zimeandikwa pembeni mwa mistari toka mwanzo, e ndogo juu, E kubwa chini, mi nikazipita kama matangazo ya stendi.

Baadaye nikaja kusoma kitu kikanifurahisha sana. Tabu sio kitu cha vijana wa intaneti, kuna mchapishaji anaitwa Petrucci alichapa tabu za luti, ala ya nyuzi ya zamani inayofanana na gitaa, kule Venice mwaka 1507. Na Waitaliano wa zamani waliandika uzi mnene mstari wa juu, vilevile kama ninavyouona mimi nikiinamisha kichwa. Kwahiyo sikuwa mjinga bana, nilikuwa nimechelewa tu miaka mia tano na kwenye nchi nyingine. Nilipomsimulia mzee wangu wa Mwanjelwa alicheka mpaka akaweka hendeli ya kulehemu chini.

Basi nikageuza. Wimbo ukatokea, taratibu, unachechemea lakini ni wenyewe. Nikajirekodi na simu nikamtumia yule jamaa wa Iringa kwa mbwembwe. Akajibu neno moja: "Makelele." Akaongeza kiemoji cha nyuki.

Nikachukia. Namba zote nimepiga sawa! Nikabeba gitaa hilo nikapanda daladala mpaka Mwanjelwa, nikaingia kibandani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba Mama Mbolea. Nani kakuudhi?"

Nikampigia. Alikuwa amenipa mgongo, anafungua redio ya mtu. Hakugeuka. Akasema, "Mbona umekuja na kanisa zima? Mi nimesikia watu sita, na wimbo ni wa mtu mmoja."

Na hapo ndo ujuzi wangu wa kwaya, ulionitoa kwenye shimo la kwanza, ukawa ndo umenitupa kwenye la pili. Kwenye nota zetu kistari kina maana. Ukiona d halafu nukta mbili halafu kistari, maana yake shikilia hiyo d, usiiachie, iendelee pigo linalofuata. Na ukitakiwa kunyamaza hakuandikwi kitu, panaachwa wazi tu, peupe. Sasa mi nafungua tabu nakuta namba moja na vistari kumi mbele yake, kichwani kwangu nasoma: shikilia, shikilia, shikilia. Nikawa naacha kila noti iungurume mpaka ifie mbali, na inayofuata inakuja juu yake, na nyingine juu yake. Kumbe kwenye tabu kistari sio agizo, ni uzi wenyewe umechorwa. Hakisemi lolote. Tabu hizi za kuchapa kwa kibodi nyingi hazikuambii noti ikae muda gani (zile za zamani za luti zilikuwa na vialama vya muda juu ya mistari, hizi zetu wameviacha njiani) na hazina pa wazi pa kukuambia nyamaza. Muda unautoa sikioni, kwenye wimbo wenyewe. Asiyeujua wimbo, tabu peke yake haimfikishi popote.

Mzee akanionyesha kitu ambacho ningependa kila anayeanza ajaribu leo kabla hajalala. Bonyeza uzi wa nne freti ya 2, upige kwa nguvu, halafu uachie ghafla na kuuzima kwa kidole hichohicho. Sikiliza. Umeuzima, lakini gitaa bado linaimba! Hiyo noti ni E, na uzi wa kwanza na wa sita ni E pia, hujavigusa kabisa ila vimeitikia vyenyewe. Ndo nikaelewa kwanini usiku, malori ya Tunduma yakikata gia pale barabarani, gitaa langu ukutani huwa linaguna. Nilishaanza kuwaza mambo ya ajabu, nikataka kumwambia mama mwenye nyumba.

"Uzi ambao huupigi," mzee akasema, "usiuache bila ulinzi."

Yani nusu ya kazi ya gitaa, labda zaidi ya nusu, ni kuzuia. Na kazi hiyo haijaandikwa kwenye karatasi. Pale kwenye tabu pana namba moja kwenye mstari mmoja, ila mikono inatakiwa kujua mistari mitano mingine iko wapi na nani kaikalia. Nilimkasirikia sana jamaa wa Iringa kwa kutoniambia, baadaye nikagundua hata yeye hajui kama anafanya, mikono yake inafanya tu, ukimuuliza anakwambia "si unapiga tu kawaida".

Tukaanzia kodi ya C, yani noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja. (Wakati huo kodi zote zilikuwa zinanishinda, ya gitaa na ya nyumba.) C inaandikwa x32010, ukisoma kuanzia uzi mnene: wa sita usisikike, wa tano freti ya 3, wa nne freti ya 2, wa tatu mtupu, wa pili freti ya 1, wa kwanza mtupu. Mi nilidhani ile x ni kazi ya mkono wa kulia, yani uwe na shabaha, uruke uzi wa sita uanzie wa tano. Mzee akasema ukifanya hivyo utapiga kama mtu anayevuka matope. Angalia, kidole cha pete kinachobonyeza uzi wa tano, kisogeze juu kidogo sana, ncha yake iguse ubavu wa uzi wa sita. Isibonyeze, iguse tu. Sasa charaza nyuzi zote sita kwa hasira. Nikacharaza. Wa sita ukatoa "tk", umekufa, na C ikatoka safi kama imeoshwa. Nilirudia labda mara arobaini pale kibandani, mteja mmoja alikuja kuchukua redio yake akaondoka hajahudumiwa.

Tatizo likawa kucha. Mi napenda kucha zangu, na kidole chenye kucha ndefu hakiwezi kusimama wima kwenye shingo ya gitaa, kinalala, kikilala kinaziba uzi wa chini ambao unatakiwa uimbe. Nikakata za mkono wa kushoto, za kulia nikaziacha. Kwa mwezi mzima wateja nawahesabia chenji huku wanashangaa mkono mmoja wa bibi harusi na mwingine wa mpanda viazi.

Halafu kuna kuzima noti uliyoipiga mwenyewe, ili isiingilie ya jirani. Hapa kosa langu lilikuwa kunyanyua kidole. Ukinyanyua kidole juu ghafla uzi hauzimi, unabaki mtupu na unaendelea kulia noti nyingine kabisa. Unatakiwa ulegeze tu, kidole kibaki kimekaa juu ya uzi, pumzi inakata hapohapo. Ila nako kuna mtego! Ukigusa kidogo kwa kidole kimoja juu ya freti ya 12, au ya 7, au ya 5, badala ya uzi kunyamaza unatoa kengele, sauti nyembamba tamu inayotoka kusikojulikana. Freti ya 12 ni katikati kabisa ya uzi, ukiugusa hapo unajigawa nusu mbili na kila nusu inatetemeka kivyake. Mi nilidhani gitaa limepasuka. Dawa yake ni kulaza vidole viwili au vitatu, uzi ukiguswa sehemu zaidi ya moja unakosa pa kujigawia unatulia. Na kidole cha shahada kikibonyeza uzi wa katikati, tumbo lake lilaze juu ya nyuzi nyembamba za chini yake, zinyamaze bila kuongeza kidole. Nyuzi nene za juu mwachie pembeni ya kiganja cha kulia.

Kwenye tabu utakutana pia na x katikati ya mistari, na hiyo sio x ya kwenye kodi. Ya kwenye kodi inasema uzi huu usisikike. Ya ndani ya tabu inasema upige ukiwa umezibwa, utoe ule mlio mkavu wa "chk", kama mtu anafagia kwa mfagio mpya. Alama moja, maagizo mawili yanayopingana, aliyepanga hivyo sijui alikuwa anatutakia nini.

Afu kuna P.M. Imeandikwa juu ya mistari na vidoti mbele yake, mi kwa akili yangu yote nikajua ni saa za jioni. Kumbe ni "palm mute", kupiga huku ubavu wa kiganja cha kulia umeegemea nyuzi pale zinapotokea kwenye daraja, kile kibao kinachozishika kwenye tumbo la gitaa. Uzi unalia lakini kwa sauti ya kufunikwa, kama mtu anaongea chumba cha pili. Mahali penyewe ni padogo, ukirudi nyuma ukakalia daraja lenyewe hakuna kinachobadilika, ukisogea mbele vidole viwili uzi umekufa kabisa. Nilichora alama ya peni kwenye gitaa, na sioni aibu.

Nilipoanza kupata ile sauti kavu, mzee akaniwekea redioni zilipendwa, nyimbo za enzi za Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz, akaniambia sikiliza solo. Nyimbo hizo nimezisikia toka utotoni, kwenye mabasi, kwenye misiba, kwenye redio ya baba. Sikuwahi kusikia kwamba zile noti ni fupi. Kila moja inakuja, inasema, inakaa chini, nyingine inasimama. Hazikanyagani. Mbaraka alifariki mwaka 1979, mimi sijazaliwa, na nilivyosikiliza siku hiyo nilikuwa nasikia mpaka mahali anaponyamaza. Mzee akasema wao walijifunza kwa kukaa karibu na jukwaa na kuangalia mikono ya mtu, hakuna karatasi. Ndo maana, nikawaza, waliona na mkono unaozuia, sisi wa tabu tunaletewa namba tu.

Mwezi wa kumi wateja wakarudi, gitaa likarudi ukutani mchana, nikawa nafanya mazoezi saa kumi na moja asubuhi vidole vimekuwa vijiti kwa baridi, napasha mikono kwenye kikombe cha chai kwanza. Mama mwenye nyumba alivumilia sana. Siku moja akagonga dirisha, nikajua leo nahamishwa, akasema, "We binti, siku hizi hupigi?" Nikamwambia napiga kila siku mama. Akasema, "Aa, mbona hausumbui."

Jumamosi ya kwanza ya Disemba nikashika gitaa kwenye mazoezi ya kwaya. Utangulizi ukaenda vizuri, mikono inatetemeka ila inajua njia. Kabla sauti hazijaingia, nikalaza kiganja juu ya nyuzi zote. Kimya. Pigo moja zima. Na hakuna aliyeingia. Sauti ya kwanza wanaangaliana, besi kule nyuma kafungua mdomo kaufunga. Kumbe miaka yote walikuwa wanaingia kwa kudandia ule mlio wa gitaa la mwenzetu uliokuwa unaburuzika mpaka kwenye ubeti.

Mwalimu akapiga meza. "Mbona umekata?"

"Mwalimu," nikasema, "kwenye nota yako hapo pako wazi."

Akatafuta miwani mfukoni, akavaa, akaiinua karatasi karibu na dirisha. Alikaa nayo. Ile karatasi aliiandika yeye mwenyewe kwa mkono, miaka mingi, pembeni imeshaliwa na mende.

"Haya tunaanza upya," akasema bila kuniangalia. "Na hapo pa wazi mtu asipumue."